Kidonge cha Tumbo Tupu

Mwaka huu baada ya mavuno alinijia mwanamke mmoja kutoka Chemba, mke wa mchuuzi wa ng'ombe. Alikuwa amesikia habari za mjukuu wangu. Yeye ana kijana wa miaka kumi na mitatu anayetembea kama mtu aliyekanyaga miiba kwa miguu yote miwili. Nikamsimulia kwa mdomo tangu saa tatu asubuhi mpaka jua likawa la utosi. Alipofika mlangoni akageuka, akasema, "Bibi, pale uliposema kosa lilikuwa lako, ilikuwaje vile?" Nikajua huyu atafika Chemba amesahau nusu. Basi nimechukua daftari. Nimesoma ngumbaru tu, jioni jioni, ndani ya ghala la ushirika, na herufi zangu ni kubwa kama kwato. Lakini zinasomeka.

Mjukuu wangu anaitwa Perisi. Baba yake ni Nehemia, mwanangu wa pili, tarishi katika ofisi moja ya serikali pale Dodoma mjini. Wanakaa mtaa wa Kikuyu, vyumba viwili na ua. Mama yake ni Loisi, na huyo Loisi hakuokotwa njiani, ni mtoto wa kaka yangu mkubwa. Kwetu mtoto wa mjomba anaoleka, tena ni ndoa ya heshima, na aliyemchagua ni mimi. Nilijisifu kwa ndoa ile kila msiba na kila harusi. Nilisema, tazameni, ng'ombe wametoka zizi moja wameingia zizi la jirani, na mkwe wangu ni damu yangu, hawezi kuninyima maji nikizeeka.

Perisi alikuwa wa kwanza kuzaliwa. Mtoto wa mbio yule. Hata kutumwa chumvi hakutembea, alikimbia. Alipofika miaka kumi, ndoo ikaanza kufika nyumbani nusu. Loisi akamchapa kwa uzembe. Ndoo ikafika robo. Mwalimu akaleta daftari, mistari inapanda na kushuka kama kuku aliyetia miguu kwenye wino amepita juu yake. Kisha ulimi ukawa mzito. Neno moja lilimchukua muda wa maneno matatu. Jua likizama, giza la kwanza tu, anaanguka. Akajifunza kutembea kwa kushika ukuta, mpaka ukuta wa uani ukawa na mstari mweusi wa mafuta ya mikono, usawa wa kiwiko chake, kutoka mlangoni hadi chooni. Watoto wa mtaa wakamwita Perisi Mlevi.

Walihangaika kabla ya kuniita. Mchungaji aliomba. Mganga wa mizizi alikuja. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka ya dawa yalikuwa yameota kila kona, na Nehemia alinunua chupa za dawa ya kuongeza damu, nyekundu, tamu, mtoto akanenepa mashavu na kuendelea kuanguka. Ndipo Loisi akatuma salamu kijijini: shangazi, njoo. Ameniita shangazi tangu utoto wake na hata nilipokuwa mama mkwe hakubadili.

Kwetu ni njia ya Mtera. Nilishuka na kikapu cha uwele na mlenda mkavu, nikabisha hodi, na Perisi akaja kunipokea. Hatua nne tu. Miguu ameitanua, kichwa kinatikisika kidogo, mkono unatafuta kitu cha kushika. "Shi-ka-moo, bi-bi." Nikaitikia marahaba, lakini macho yangu yalibaki miguuni pake, kwa sababu mwendo ule niliujua. Ulikuwa mwendo wa mdogo wangu Mika.

Mika alianza hivyo hivyo nikiwa msichana. Mwisho wake alikuwa anatambaa ndani ya nyumba ya nyuma, na wageni wakija baba alisema, Mika yuko machungani. Alikufa Loisi hajazaliwa. Tukakubaliana kwamba jambo lile halisemwi, maana lingetukosesha waume. Mimi nililifunga moyoni nikalikalia kama mtu anavyokalia kigoda. Siku ile pale Kikuyu nikakaa kimya vilevile. Nikapika.

Hospitali tulikwenda kiangazi, vumbi limejaa pua. Sitataja hospitali ipi, mabenchi ni yale yale kila mahali. Unafika saa kumi na mbili, unaitwa saa sita, na katikati unajua maisha ya kila mtu. Perisi alipoinuka kwenda chooni, mzee mmoja mwenye koti akanong'ona kwa sauti ya kusikika nje, "Binti mdogo hivi kalewa asubuhi yote hii?"

Nikamjibu, "Kalewa maziwa ya mama yake. Wewe umelewa nini hata usione mtoto mgonjwa?"

Benchi lote likacheka. Nesi mmoja Mhehe akatoka mlangoni, naye ni mtani wangu, maana Wahehe hututania Wagogo kwamba ni ombaomba. "Bibi Mgogo, umekuja kuomba tena leo?"

"Nimekuja. Naomba akili zako kidogo nikawapelekee mbuzi wangu."

Alicheka akashika ukuta, na tokea siku hiyo alikuwa anatutafutia nafasi ya kukaa kivulini. Kama una mgonjwa wa muda mrefu, tafuta mtu mmoja wa kucheka naye hospitalini. Inasaidia.

Daktari alikuwa mwanamke, kijana, binti wa Kihaya, viatu vyake vimeisha upande. Alimgonga Perisi magotini kwa kinyundo cha mpira, mguu haukuruka. Akamwambia asimame miguu pamoja afumbe macho. Mtoto akaanguka kama gunia, daktari akamdaka. Kisha akatutazama wote watatu, mimi, Nehemia na Loisi.

"Katika ukoo wenu, kuna mtu aliyewahi kuwa hivi?"

Nehemia akasema, "Hakuna, daktari."

Nisikilize wewe unayesoma. Hapo ndipo ugonjwa huu ulipokuwa unaamuliwa. Nikisema, nimejivua nguo mbele ya mwanangu na mkwe wangu. Nikinyamaza, Perisi atatambaa. Nilimtazama mtoto, amekaa kitandani ameshika ukingo kwa mikono miwili ili asipinduke kwa kukaa tu. Kukaa!

Nikasema, "Yupo. Mdogo wangu Mika. Alianza hivi hivi, akafa anatambaa."

Loisi akageuza shingo polepole.

Daktari akauliza, "Na baba na mama wa mtoto, wana uhusiano wa damu?"

"Mama huyu ni mtoto wa kaka yangu, baba huyu nimemzaa mimi. Aliyepanga ndoa ni mimi."

Nilingoja anikaripie. Badala yake aliandika ukurasa mzima, kalamu inakimbia. "Bibi, umenisaidia kuliko mashine yoyote niliyo nayo humu." Akatoa damu. Kulikuwa na mwalimu wake, profesa kutoka nje ya nchi, aliyekuwa anapita, na damu ile ikaondoka naye ndani ya chombo cha barafu.

Njiani Loisi alitembea mbele yetu. Tulipofika uani akatua kanga begani, akasema, "Shangazi, ulijua ukaniozesha?"

"Sikujua kwamba linarithiwa. Nilijua kwamba lipo."

"Basi ulijua."

Mvua za kwanza zikanyesha nami nikabaki pale Kikuyu, tukapanda, tukapalilia, na Loisi ananipa chakula kwa mikono miwili kama desturi lakini macho yake yako kwenye sufuria. Heri angenitukana. Nehemia alikuwa katikati, mama huku, mke huku, akawa anachelewa kurudi kutoka kazini hata siku ambazo hakuna kazi. Perisi aliacha shule masika ile. Alitaka kujifungia vifungo vya blauzi mwenyewe, nasi tukamwacha, na kifungo kimoja kilimchukua muda wa kuiva kwa maharage.

Majibu yalikuja mtama unachanua. Daktari alituita, akasema mambo marefu, nami nakuandikia nililolishika. Kuna vitamini inaitwa E, iko kwenye mbegu na karanga na mafuta. Kila mtu huila na mwili huitunza. Mwili wa Perisi hauna wa kuitunza, inaingia inatoka. Ikikosekana, mishipa ya fahamu inashika kutu, na iliyoliwa na kutu hufa. Kila mzazi alimpa nusu ya kasoro, na nusu mbili zikakutana.

"Inaua?" Nehemia akauliza.

"Ikiachwa. Lakini kati ya magonjwa ya namna hii yote, hili lina dawa. Mishipa iliyokufa siwezi kuifufua. Iliyobaki tunaweza kuiokoa, na iliyochoka inaweza kupata nguvu."

Akatupa kopo. Vidonge laini, rangi ya asali, unaona jua kupitia humo. Viwili kwa siku, maisha yote. Loisi alilishika kopo lile kifuani kama mtoto mchanga.

Sasa nafika kwenye lile alilouliza mama wa Chemba.

Sisi kwetu dawa ya kweli, dawa ya mizizi, hunywewa alfajiri, kabla hujasalimiana na mtu, tumbo tupu. Chakula kikitangulia, dawa inakuta mlango umefungwa. Hivi ndivyo mama yangu alivyotutibu sote kumi na mmoja. Jioni ile ya kwanza nikasema, "Kopo lete kwangu. Kumezesha ni kazi yangu."

Loisi akasema, "Shangazi, daktari amesema vimezwe pamoja na chakula."

"Daktari yule? Mimi nimezaa kabla mama yake hajavunja ungo."

"Lakini amesema."

"Loisi! Nani amelea watoto saba?"

Akanipa kopo. Basi kila alfajiri nilimwamsha Perisi, hakuna kusalimiana, namtilia vidonge vyote viwili mdomoni na maji ya uvuguvugu. Saa nne uji mtupu. Mchana ugali wa uwele na mlenda wangu. Nieleze mlenda huo, maana najivunia: majani makavu, magadi, chumvi, basi. Unavutika, unateleza, mgonjwa haumkwami kooni. Tone la mafuta halikuingia. Wanaotia mafuta niliwaita watu wa mjini wasiojua kupika.

Tukavuna. Upepo wa kiangazi ukaja. Vidonge vinakwisha, kopo la pili likaja, na Perisi anazidi kudhoofika. Ukuta haukutosha tena, alihitaji mtu. Akaanza kupaliwa na maji. Siku moja nilimkuta anasogea uani kwa makalio, anajivuta kwa viganja, akanitazama kama aliyefumaniwa anaiba. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia nikiwa nimeuma kanga.

Tukarudi hospitali. Nesi Mhehe aliniona akaacha utani, akamshika Perisi upande wa pili. Daktari alimpima, akakaa, akajishika paji la uso.

"Sielewi. Alipaswa angalau asimame pale alipokuwa. Bibi, nikuambie ukweli. Vidonge hivi vinatoka kwa yule profesa. Vilivyobaki ni vya miezi mitatu. Nisipomwonyesha nafuu yoyote, sina cha kumwandikia ili aniletee vingine. Na huku madukani vyenye nguvu hii havipo."

Miezi mitatu. Mimi, nikiwa na jambo zito, mdomo wangu huenda mbele ya akili. Nikasema, "Mwanangu, wewe ulisema kutu. Jembe likishika kutu sisi tunalisugua tunalipaka mafuta. Hicho kidonge mafuta yake yanatosha kweli?"

Daktari akacheka. Kisha kicheko kikakatika katikati.

"Bibi. Anavimeza na nini?"

Loisi alikuwa amekaa kulia kwangu. Angeweza kunimaliza pale pale kwa maneno matatu, na haki alikuwa nayo. Hakufungua mdomo. Aliinamisha kichwa akatazama vidole vyake. Ukimya ule uliniuma kuliko kama angenipiga kofi.

"Na maji," nikasema. "Namezesha mimi. Alfajiri, tumbo tupu. Mama yake alinikataza nikamzidi sauti."

"Na chakula chake kina mafuta?"

"Hakina."

Daktari akaweka kalamu chini. "Vinapita tu, bibi. Vitamini hii haitembei peke yake, inabebwa na mafuta. Bila mafuta tumboni ni kama kumwaga maji kwenye mchanga wa korongo." Hakunikemea. Akamgeukia Loisi, "Mama, kimoja baada ya chakula cha mchana, kimoja baada ya chakula cha jioni, na chakula kiwe na mafuta ya kuonekana. Umenielewa?"

"Nilikuelewa tangu siku ile ya kwanza," Loisi akasema.

Nyumbani sikungoja kuvua viatu. Niliingia jikoni, nikachukua kopo la vidonge na mwiko, nikamfuata Loisi, nikapiga magoti. Mimi, na magoti haya. "Loisi mwanangu, nimekukosea mara mbili. Nilikuficha Mika, na nilikunyang'anya dawa ya mtoto wako. Shika kopo. Na mwiko shika."

Akachukua kopo. Mwiko akautazama. "Shangazi, mwiko ni wangu siku zote. Jiko ni langu. Ulikuwa unaazima."

Nikacheka na machozi, naye akacheka, akaninyanyua. Perisi kwenye mkeka akauliza, "Mna-che-ka ni-ni?" Tukazidi kucheka.

Wakati ule mashine za mkono za kukamua alizeti zilikuwa zimeanza kuingia vijijini, na barabarani watu walipanga madumu ya mafuta, mazito, ya rangi ya jua. Nehemia alileta dumu akilibeba begani kama mfalme. Loisi akapika. Mchicha unaelea. Samaki wa Mtera wa kukaanga. Karanga zikatwangwa zikaingia kwenye mboga. Siku alipotia alizeti kwenye mlenda nilitoka uani, nisione. Mama yangu angefufuka anichape. Lakini nilikula, na naandika hapa kwa mkono wangu kwamba ulikuwa mtamu.

Wiki ya tatu hakuna kitu. Wiki ya tano kupaliwa kukaacha. Mwezi wa pili, Jumapili, tunajiandaa kwenda kanisani, Perisi akatoka chumbani na blauzi imefungwa. Vifungo sita, kimoja kimeruka tundu. Loisi akataka kukirekebisha, nikampiga mkono. "Kiache! Kanisa zima likione." Na liliona, nililihakikishia.

Miezi mitatu ilipotimia, tulikaa benchi lile lile. Jina likaitwa. Nikanyoosha mkono nimshike, Perisi akasema, "A-cha, bibi." Akainuka. Miguu ameitanua, mikono pembeni kama kuku anayekausha mbawa, akapita watu wote, akapita ndoo ya mfagiaji, akafika mlangoni, hatua kumi na saba bila ukuta. Nesi Mhehe akapiga kigelegele cha kwao, nikakipokea kwa cha kwetu. Daktari alitoka kuona kelele ni za nini, akamkuta mgonjwa wake amesimama mbele yake. Alivua miwani akaifuta kwa koti, akaivaa, akaivua tena.

Barua ikaandikwa, vidonge vikaja, na havijakatika hadi leo. Damari, mdogo wake Perisi, alikuwa na miaka minne na anakimbia kama swala. Daktari akasema naye apimwe. Akaonekana ana kasoro ile ile. Anameza kidonge tangu hajayumba hata hatua moja, na mpaka sasa ndoo yake inafika imejaa. Huyo ndiye ushindi wangu mkubwa kuliko wote, ingawa hakuna anayeuona, kwa kuwa hakuna kilichotokea.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kilirudi. Ulimi wa Perisi bado unatembea polepole. Gizani anashika mkono wa mtu. Mbio hakurudia. Shule alirudi, akasoma na watoto aliowazidi miaka miwili, na mmoja wa wale waliomwita Mlevi akaketi naye dawati moja wakawa marafiki. Kidonge ni cha maisha.

Kwako mama wa Chemba: usinunue vidonge sokoni ukampa kijana wako kwa sababu bibi wa Kikuyu kasema. Magonjwa ya kuyumba ni mengi, mengine hayana dawa hii. Mpeleke apimwe. Na ukiulizwa habari za ukoo, sema. Sema aliyelala nyumba ya nyuma, sema aliyefichwa wageni, sema nani alioa nani. Wafu hawaoni aibu, na sisi tulio hai aibu haituui, mimi ni shahidi. Na dawa imeze kama ulivyoambiwa, hata aliyekuambia awe mtoto kuliko mtoto wako.

Nimalizie na la juzi. Loisi alikuwa anatwanga uwele uani, nami niko chini na ungo, nachota, napepeta. Perisi, sasa ni mwanamwali, akatoka ndani akachukua mchi wa pili. Kutwanga wawili kinu kimoja, unajua mwenyewe: mchi mmoja ukishuka mwingine uko juu, ukikosea kidogo unavunja vidole vya mwenzio.

Nikasema, "Weka chini huo. Utamuumiza mama yako."

Loisi hakusimama hata kidogo. "Mwache, shangazi."

Perisi akatanua miguu yake vile anavyoitanua. Akautazama mchi wa mama yake ukipanda na kushuka, mara tatu, mara nne, midomo inahesabu. Kisha akaingia. Tu. Tu. Tu. Mchi wa mama, mchi wa binti, mama, binti, na wishwa unaruka. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye ukingo wa kinu umeganda, nimesahau hata kuuondoa.

"Bi-bi," akasema, jasho linamtiririka, hakupoteza pigo hata moja, "u-me-kaa tu? To-a mko-no, le-ta uwe-le mwi-ngine."

Nikainuka, nikaenda kuleta.